Makobo wa Vidimbwi vya Nchelenge: Chambo Gani, na kwa Saa Gani?

Msafiri atokaye Mansa akaifuata barabara ya bonde la Luapula kuelekea kaskazini hupita vijiji ambavyo karibu havina mwisho. Nyumba zimepangana kando ya njia, miembe na michikichi imesimama nyuma yake, na nyuma ya hiyo tena, upande wa magharibi, ni kinamasi cha mto kilichojaa mafunjo na matete. Anapofika Nchelenge kinamasi humalizika, na mbele yake hutanda Ziwa Mweru, maji yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,100, na ng'ambo yake, siku isiyokuwa na ukungu, vilima vya Kongo.

Jina la Mweru, kwa lugha nyingi za jamaa ya Kibantu za sehemu hizo, maana yake ni ziwa tu. Mto Luapula huingia kwa kusini, Kalungwishi huingia kwa mashariki, na maji yote hutokea kaskazini penye mji wa Pweto yakiwa Mto Luvua, ambao huenda kuungana na Lualaba na hatimaye kuwa Mto Kongo. Basi tone la mvua lililoangukia paa la nyumba ya Kashikishi, kama halikukauka njiani, litaishia katika Bahari ya Atlantiki. Mtanzania aliyetokea Tunduma akapita Nakonde na Kasama, ambako reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 inapita, hujikuta amevuka mgongo wa nchi bila ya kujua.

Lakini Mswahili si mgeni kabisa huko. Kisiwa kikubwa kilichomo ziwani, upande wa Zambia, huitwa Kilwa, na mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa na ngome yao humo. Watu wa ng'ambo, wa upande wa Katanga, huongea Kiswahili chao, na katika soko la samaki la Kashikishi mnunuzi wa kutoka Kongo na muuzaji wa Kibemba hupatana bei kwa maneno ambayo mtu wa Dar es Salaam atayafahamu, ingawa pengine atatabasamu. Mgeni akipokewa kwa "Mwapoleni, mukwai," ajibu kwa adabu hiyo hiyo, na kwa magoti yaliyoinama kidogo ikiwa anayemwamkia ni mzee.

Sifa ya nchi hii ni samaki, na imekuwa hivyo tangu zamani. Daktari Livingstone alipofika Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na baadaye katika mji wa Mwata Kazembe karibu na ziwa dogo la Mofwe, wavuvi walimtajia majina ya aina 39 za samaki, naye akayaandika. Mengi katika hayo yangali yakitumika hata leo: manda, pale, monde, sampa. Mtu angeweza kuichukua orodha hiyo sokoni leo akaitumia kununulia kitoweo, ila baadhi ya samaki angewatafuta muda mrefu.

Ni vema kusema habari hiyo waziwazi mapema, kwa sababu ndiyo inayoyapa maana mambo ya ndoana na chambo yatakayofuata. Alikuwapo samaki aitwaye mpumbu, wa jamaa ya ningu, ambaye mvua zilipoanza alikuwa akipanda Mto Luapula kwa maelfu kwenda kutaga. Mayai yake yalikuwa yakisifiwa kote. Upande wa Kongo ya Wabelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walikaa Kasenga wakinunua samaki kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi. Nyavu za kunasa zilitandazwa mtoni wakati ule ule samaki walipokuwa wamebeba mayai. Kufikia miaka ya 1950 misafara ile mikubwa ya mpumbu ilikuwa imekwisha, wala haijarudi kuwa kama ilivyokuwa. Wavuvi wakahamia kwa pale, yaani perege wa Mweru, na tangu miaka ya 1980 nguvu kubwa imeelekezwa kwa chisense, dagaa wadogo wavuliwao usiku kwa taa. Kila hatua samaki wa kitoweo amepungua kimo. Babu aliyezoea samaki mmoja kujaza sufuria humwona mjukuu akihesabu vichwa ishirini katika sahani moja.

Hata hivyo samaki wakubwa hawajaisha. Wapo, na mahali pamoja wanapopatikana si katikati ya ziwa ambako mitumbwi yote hukimbilia, bali katika maji madogo ya pembeni.

Maji ya Mweru hupanda na kushuka kila mwaka. Hufikia kimo cha juu mnamo mwezi wa Mei, ingawa mvua zimekwisha, kwa kuwa mafuriko ya Luapula hucheleweshwa na vinamasi vya Bangweulu. Kisha hupungua polepole mpaka mwisho wa mwaka. Tofauti yaweza kupita mita moja na nusu. Juu ya ufuko wa mashariki, ambao umelala kama sinia, mita moja na nusu ni nchi nzima. Maji yanaporudi nyuma huacha vidimbwi, vijito vilivyofungwa, na viziwa vilivyozungukwa na matete, vingine vya hatua hamsini tu toka ukingo huu hadi ule. Ndani yake wamebaki visamaki vingi, na pamoja navyo wamebaki wale wanaovila.

Mkubwa wa hao ni samaki wa jamaa ya *Serranochromis*, ambaye wavuvi wa Luapula humwita makobo au polwe kwa kadiri ya aina yake. Ni ndugu wa perege kwa nasaba, lakini tabia zao ni mbalimbali kabisa. Perege ni mlaji wa majani na matope ya chini. Makobo ni mwindaji. Kinywa chake ni kipana, taya zake hutoka mbele kama mfuko unaofunguliwa, na jicho lake ni kubwa kwa ajili ya kuvizia. Hukaa kimya kando ya magugu, mwili wake wenye madoa ukafanana na vivuli, akisubiri kisamaki kipite. Wazungu wa Kenya walileta katika Ziwa Naivasha, mwaka 1929, samaki wa Kimarekani aitwaye besi kwa kuwa walipenda kumvua kwa ufito. Mtu wa Nchelenge hana haja ya kuletewa besi. Kazi ile ile, ya mwindaji mwenye kinywa kipana katika maji madogo yenye magugu, tayari ina mwenyewe.

Sasa kuna njia mbili za kumtoa makobo katika kidimbwi. Njia ya kwanza ni kukizungushia wavu usiku mmoja, vijana wakayapiga maji kwa rungu na makafi mpaka kila kilicho hai kikimbilie nyavuni. Njia hii huitwa kutumpula, imekatazwa na sheria ya Zambia, na bado inafanywa. Asubuhi yake kidimbwi kimekuwa bakuli tupu. Njia ya pili ni ndoana.

Mabishano juu ya njia hizi mbili ni ya kila siku katika vijiji vya ufukoni, na hufuata mkondo ule ule. Kijana husema, "Bashikulu, nikimwacha mimi atachukuliwa na mwingine." Na mzee, akiendelea kusokota mshipi pajani, humjibu, "Basi mtangulie kwa ndoana, mwanangu, umchukue mkubwa mmoja. Wadogo watakuwa wa keshokutwa." Ni vigumu kusema kwamba kijana amekosa hoja, maana kidimbwi hakina mlango wala kufuli. Lakini hesabu ya mzee ina jambo ambalo kijana hakuliweka katika yake. Makobo jike hutunza mayai na watoto wake kinywani. Wakati huo, kwa kawaida, hali chakula, na kwa hiyo ni mara chache kuifuata ndoana. Wavu haumjui mwenye mimba wala mwenye kunyonyesha. Mama akinaswa hutema kizazi chote majini, na huko wenye njaa ni wengi. Ndoana humchukua mwenye njaa, yaani mara nyingi yule asiye mlezi kwa wakati huo. Ikitokea aliyenaswa ana koo lililovimba na mayai yanamtoka, mvuvi mwenye busara hulowesha viganja kwanza ili asimharibu utelezi wa ngozi, humtoa ndoana na kumrudisha.

Kwa sababu hiyo, elimu ya chambo yastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa.

Watoto huanza na nyungunyungu au kibonge cha ugali wa muhogo, na kwa vyambo hivyo hupata perege na kambare wadogo wa kutosha. Lakini kibonge cha ugali kamwe hakitamwamsha makobo mkubwa. Yeye hula kinachokimbia. Chambo chake cha kwanza, na pengine kilicho bora kuliko vyote, ni kisamaki hai cha kidimbwi kile kile, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, kilichotobolewa kidogo chini ya pezi la mgongoni ili kiendelee kuogelea. Wengi hukosea hapa kwa kuchagua kisamaki kidogo mno, wakidhani kinywa chochote kitakimeza. Ni kweli kitamezwa, ila na samaki wa kwanza kukiona, naye kwa kawaida ni mdogo, kwa kuwa wadogo ni wengi na wana haraka. Anayemtaka mkubwa lazima atundike chambo ambacho mdogo hawezi kukimeza, kisha awe na subira ya kukaa mikono mitupu wakati jirani yake anajaza kikapu.

Chisense wa sokoni, ambaye ni rahisi kupatikana, hafai sana kwa kazi hii. Ni laini, huchanika kwenye ndoana, na hufa mara tu atolewapo ziwani. Akitumiwa akiwa amekufa apewe uhai wa bandia: mshipi uvutwe kidogo, uachwe, uvutwe tena, mithili ya kisamaki kilichojeruhiwa.

Halafu kuna vyambo vya kutengeneza, na hapa mafundi wa ufukoni hawajambo. Kipande cha bati kilichokunjwa na kung'arishwa kwa mchanga, kijiko cha chai kilichokatwa mpini na kutobolewa matundu mawili, hata kizibo cha chupa kilichofungwa manyoya ya kuku: vyote hivi, vikivutwa majini, huyumba na kumeta kama ubavu wa samaki. Husimuliwa huko Marekani kwamba bwana mmoja, Julio Buel, aliangusha kijiko ziwani alipokuwa akila mtumbwini, akaona samaki akikirukia kabla hakijafika chini. Mwaka 1852 alipata hataza ya serikali kwa chambo cha namna hiyo. Kama kisa cha kuanguka kijiko ni kweli au kilitiwa chumvi baadaye, kijiko chenyewe kinafanya kazi Nchelenge vile vile.

Uchaguzi kati ya hivyo hufuata maji. Kidimbwi ambacho maji yake ni meupe na jua limewaka hutaka chambo kidogo chenye rangi ya fedha, na mshipi mwembamba, kwa maana samaki anaona vizuri na ana nafasi ya kutia shaka. Maji ya vinamasi aghalabu ni ya rangi ya chai kwa sababu ya majani yaozayo; humo kumeta hakusaidii sana, na chambo chenye umbo kubwa na mtikiso ndicho hujulikana. Samaki ana mstari ubavuni ambao husikia mtetemo wa maji kabla jicho halijaona kitu. Manyoya meusi mazito, ambayo mtu angeyadharau kwa kuyatazama, hushinda bati linalong'aa katika maji ya namna hiyo, na hata alfajiri, kwa kuwa samaki atazamaye juu huona cheusi mbele ya mbingu iliyoanza kupauka vizuri kuliko rangi nyingine yoyote.

Palipo na yungiyungi na magugu mazito, ndoana iliyo wazi itashika majani kila mara itupwapo. Dawa yake ni kufunga unywele wa waya mwembamba au unyasi mgumu toka shingo ya ndoana hadi kwenye ncha, uwe kama mlango ambao jani haliwezi kuusukuma lakini taya la samaki litausukuma. Chambo kama hicho kikipitishwa juu ya majani ya yungiyungi na kuachwa kidondoke ukingoni, kwenye maji wazi, ndipo mtu husikia mlio ambao hatausahau, kama mkono wa mtu uliopiga maji.

Majira nayo yana amri yake. Katika Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki, ambao mtu wa pwani angeuita kusi, huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Asubuhi ni baridi, na makobo huzubaa mahali penye kina kirefu. Miezi hiyo chambo kivutwe polepole sana, chini, na saa nzuri ni mchana baada ya jua kupasha maji joto. Kuanzia mwishoni mwa Agosti mambo hugeuka. Maji yamepungua, joto limeongezeka, visamaki vimebanwa, na mwindaji hula asubuhi na jioni. Saa za adhuhuri hujificha kivulini, wala hapana faida ya kumsumbua. Katika Novemba, mvua ya kwanza inapowatoa kumbikumbi ardhini na kuwaangusha juu ya maji, kidimbwi chote huchemka. Hapo wengi huwafunga kumbikumbi kwenye ndoana. Ni afadhali kuwaachia perege hao kumbikumbi, na kumtundikia makobo yule perege mdogo aliyekuja kuwala.

Juu ya namna ya kuvua, la kwanza ni miguu. Kidimbwi ni kidogo, na udongo wa ukingoni ni laini. Kishindo cha mtu anayetembea hufika ng'ambo kabla yake. Mvuvi mzuri hukaribia akiwa ameinama, jua likiwa mbele yake ili kivuli kimwangukie nyuma, wala hasimami ukingoni bali hatua tatu au nne kabla ya kuufikia. Chambo hutupwa kwanza karibu, sambamba na ukingo, kwa kuwa samaki mkubwa mara nyingi yuko chini ya matete ambayo mgeni angetaka kuyakanyaga. Katikati ya maji huja mwisho.

La pili ni kutafuta mlango. Maji yanaporudi ziwani hupita katika vifereji, na visamaki hulazimika kupita humo pia. Mahali kifereji kinapoingia katika maji yenye kina, hapo ndipo makobo mkubwa hupanga kama mwenye nyumba, na akiondolewa, baada ya siku chache mwingine hushika nafasi yake. Mvuvi aliyekijua kifereji kimoja cha namna hiyo hakitaji hovyo, hata kwa shemeji yake.

Tupo la kwanza lina thamani kuliko kumi yanayofuata. Katika ziwa kubwa samaki aliyeshtuka huenda zake na mwingine huja. Katika kidimbwi aliyeshtuka ndiye yule yule atakayetafutwa tena. Akifuata chambo akageuka, si vema kumrushia hicho hicho mara ishirini. Abadilishiwe umbo, au aachwe mpaka jioni. Kidimbwi kilichovuliwa leo kipumzishwe siku tatu au nne. Ndiyo sababu wenye uzoefu huwa na vidimbwi vitano au sita na kuvizunguka, kama mkulima anavyozungusha mashamba yake.

Katika vifereji vikubwa vilivyoungana na ziwa, mvuvi wa makobo hukutana na mgeni asiyealikwa, naye ni manda. Huyu ni samaki mwenye milia myeusi ubavuni na meno yaliyochongoka ambayo yakifunga hupishana kama ya mtego. Mshipi wa nailoni kwake ni uzi wa buibui. Atakayemtaka lazima aweke waya, shibiri moja au zaidi, kati ya mshipi na ndoana, na ndoana yenyewe inolewe kila siku, maana kinywa chake ni mfupa mtupu na ndoana butu huteleza. Hurukia hewani, akatikisa kichwa, na mara nyingi hurudisha chambo kwa mwenyewe. Manda hupenda maji yanayotembea na yenye mwanga. Makobo hupenda utulivu. Kwa hiyo mtu aliyekatiwa mshipi mara mbili mahali pamoja ama afunge waya, ama arudi nyuma hatua thelathini kwenye magugu.

Pamoja na hayo yote, kidimbwi si mahali pa kuchezea. Mamba wamo, nao hupenda maji yale yale yenye samaki wengi na kingo zenye matete. Mtu asiingie majini kufungua chambo kilichonasa, hata kama ni kijiko chake cha pekee. Nchelenge pia ni mojawapo ya wilaya za Zambia zinazosumbuliwa mno na malaria, na saa nzuri za makobo, alfajiri na magharibi, ndizo saa mbu wanapokuwa na kazi. Inasikitisha kwamba katika sehemu mbalimbali za nchi chandarua kilichotolewa ili mtoto alale salama huonekana kikikokotwa majini kukusanya visamaki visivyofika urefu wa kidole. Familia hupoteza hapo mara mbili: mtoto anaumwa, na makobo wa mwakani amekaangwa akiwa kama punje ya mpunga.

Tena kuna kichocho. Konokono wabebao ugonjwa huo hukaa katika magugu ya kingo zenye maji yaliyotulia, yaani pale pale pa mvuvi. Atumie mtumbwi au asimame pakavu, na mama wa nyumbani asiwatume watoto kuchota chambo humo kwa miguu mitupu. Wapo samaki wa Mweru walao konokono, kama vile mbilya, na wapo wa namna hiyo katika Ziwa Malawi. Huko Malawi wataalamu walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mahali samaki walao konokono walipovuliwa kupita kiasi, konokono waliongezeka na kichocho kikasambaa katika fukwe ambazo zamani zilihesabiwa kuwa salama. Mtu anayelaumu wavu wa kukokota kwa sababu ya kitoweo peke yake hajamaliza hesabu ya hasara.

Mgeni anayetaka kutia mshipi majini aulize kwanza ofisi ya Idara ya Uvuvi pale Nchelenge, kwani kuna taratibu za leseni, na kila mwaka uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Wakati huo soko la Kashikishi hubadilika sura. Wenye friji huuza kidogo kidogo, samaki wa kukaushwa hupanda bei, na kaya nyingi hurudi kwenye katapa, ambayo ni kisamvu kwetu, na ifisashi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga. Miezi hiyo ni mizito kwa mwenye watoto wengi. Ni miezi ya njaa hata mashambani, na wala haifai kuwacheka wanaonung'unika. Anayekaa mbali na ufuko ni rahisi kuisifu sheria.

Lakini tuseme ni Oktoba, na makobo wa kilo mbili amefika jikoni. Aparuliwe magamba akiwa angali mbichi, matamvua yatolewe yote, kwa maana ndiyo huanza kuharibika, na apasuliwe mgongoni ikiwa atakaushwa, au akatwe vipande ikiwa ataliwa siku hiyo. Nyama yake ni nyeupe, ngumu kidogo kuliko ya perege, na haina vimiba vingi kama ya manda, ambaye humhitaji mlaji mwenye subira. Wapishi wa ufukoni hawamzidishii viungo. Vipande hutiwa chumvi, huachwa kama nusu saa, hukaangwa upesi katika mafuta ya mawese mpaka vigeuke rangi, kisha huwekwa katika nyanya na kitunguu na maji kidogo, sufuria ikafunikwa, moto ukapunguzwa. Kichwa hupikwa pamoja. Ndicho chenye mafuta, na supu isiyokuwa nacho huwa kama maji ya kuoshea. Huliwa kwa ubwali wa muhogo, mweupe na wenye kunata, unaofinyangwa vidoleni na kuchovywa.

Wa kukaushwa hulazwa juu ya chanja ya miti mibichi, ubavu uliopasuliwa ukielekea moto mdogo wa kuni zisizotoa utomvu, akageuzwa usiku mara mbili au tatu. Akikauka vizuri husafiri hata Lusaka. Akipikwa huloweshwa kwanza katika maji ya vuguvugu, na karanga zilizotwangwa hutiwa mwishoni.

Jioni ya tarehe 30 Novemba mishipi hukunjwa kwenye vipande vya miti, ndoana hufutwa na kupakwa mafuta ya mawese zisishike kutu, na kijiko kisicho na mpini hutundikwa ukutani jikoni, kikisubiri Machi.